Tairi na Petroli: Habari za Kale na za Sasa

Mtu anunuapo tairi jipya aghalabu huuliza mambo mawili tu: bei yake, na muda litakaodumu. Ni wachache waulizao litakula petroli kiasi gani, maana tairi halina tangi wala injini, na akili haioni upesi jinsi mpira uwezavyo kunywa mafuta. Lakini hunywa. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009 juu ya matairi ilitaja kwamba matairi huchukua baina ya asilimia 20 na 30 ya mafuta yatumiwayo na magari. Habari ya jinsi wanadamu walivyolitambua jambo hili ni ndefu kuliko habari ya motakaa yenyewe, nayo yamhusu hasa mwenye gari la haibridi, yaani lile liendeshwalo na injini ya petroli pamoja na mota ya umeme.

Mwaka 1845, yapata miaka 40 kabla ya motakaa ya Benz, Mskoti mmoja aitwaye Robert William Thomson aliandikishiwa Uingereza haki ya uvumbuzi wa gurudumu lililovishwa mfuko wa upepo. Mfuko ulikuwa wa turubai iliyopakwa mpira, ukafunikwa kwa ngozi. Hoja yake haikuwa raha ya abiria peke yake. Alitaka kwanza kupunguza nguvu itakiwayo kulivuta gari. Nguvu hiyo siku zile ilikuwa ya farasi, na petroli ya farasi ni majani na shayiri. Basi wazo la kuweka akiba lilizaliwa pamoja na tairi lenyewe. Lakini wazo lilisahauliwa, hata mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama wa mji wa Belfast, alipolivumbua upya kwa ajili ya baiskeli ya mwanawe yenye magurudumu matatu. Baadaye haki ya Dunlop ilibatilishwa kwa kuwa Thomson alimtangulia. Hata hivyo jina la Dunlop limeandikwa ubavuni mwa matairi duniani kote, na la Thomson hulikuti ila vitabuni.

Nguvu hupotea wapi? Tairi libingirikapo, sehemu inayogusa barabara hubonyea, kisha hurudi katika umbo lake. Kama mpira ungalikuwa springi kamili, ungalirudisha nguvu yote uliyopewa. Haurudishi yote, sehemu yake hugeuka joto. Msomaji na aguse tairi baada ya safari ndefu: joto lile ni petroli aliyoilipia.

Dawa ya kwanza kubwa ilitoka Ufaransa. Katika tairi la zamani tabaka za nyuzi zilipita mshazari, zikapishana na kusuguana kila gurudumu lilipozunguka. Kampuni ya Michelin iliandikisha mwaka 1946, ikauza tangu 1949, tairi ambalo nyuzi zake zapita moja kwa moja kutoka ukingo hata ukingo, na juu yake mshipi wa waya za chuma. Ubavu ukawa laini, uso ukatulia, joto likapungua. Ulaya ililipokea mapema. Marekani ilisitasita mpaka miaka ya 1970, bei ya mafuta ilipopanda tangu 1973. Herufi R tuionayo leo katika maandishi kama 185/65 R 15 ni alama ya tairi hilo.

Dawa ya pili ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu ilihusu mpira wenyewe. Tangu mwanzo wa karne ya 20 mpira wa matairi ulitiwa masizi ili uwe na nguvu, na ndiyo sababu matairi ni meusi. Mafundi walijua kuupunguzia mpira joto, lakini mpira usiopata joto huteleza penye maji. Ukiuzuia usiteleze, huenda ukaisha upesi. Mambo matatu haya yalivutana kama wake wa mume mmoja. Mwaka 1992 Michelin ilileta sokoni tairi ambalo sehemu kubwa ya masizi yake ilibadilishwa kwa silika, iliyo jamaa ya mchanga. Silika na mpira havipatani kwa tabia, vikahitaji dawa ya kuviunganisha iitwayo sileni. Vilipounganika, tairi likawa jepesi kubingirika bila kupoteza mshiko wake penye maji.

Miaka mitano baadaye, Desemba 1997, Toyota iliuza Prius ya kwanza kule Japani. Gari la namna hii, likifunga breki, hurudisha katika betri sehemu ya nguvu ya mwendo. Joto la tairi halirudishwi na betri yoyote. Kwa hiyo kadiri gari linavyozidi kuwa na akiba, ndivyo hasara ya tairi inavyozidi kuonekana, na mwenye kulivika tairi lolote lile huitupa sehemu ya fedha aliyolinunulia.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa aibu. Gari langu, lililotoka Japani likiwa limetumika, lilikuwa na matairi yaliyokwisha kuwa vipara, nami niliyapenda kwa kuwa yalikula kidogo. Asubuhi moja ya masika, katika Barabara ya Bagamoyo, nilikanyaga breki na gari likaenda kama mashua. Mwenye mkokoteni aliyekuwa mbele alipona kwa kuruka kando. Nikanunua mapya wiki ile ile. Petroli ikapanda, nikamwendea muuzaji kwa hasira. Nilimwonea, japo kwa nusu tu. Tairi lililolika hubingirika kwa wepesi kuliko jipya, kwa kuwa mpira wa kubonyea umebaki kidogo. Lakini nilikuwa pia nimechagua kwa bei.

Ulaya mnunuzi husaidiwa: tangu Novemba 2012 tairi huuzwa na karatasi ya daraja, na tangu Mei 2021 madaraja ni A mpaka E. Daraja A la gari dogo halizidi kilo 6.5 za ukinzani kwa kila tani ya uzito. E huanzia 10.6. Kwa gari la tani moja na nusu, A hudai msukumo usiofika kilo 10, E karibu 16. Kando yake kuna daraja la pili, la kushika barabara yenye maji, nalo mtu wa pwani asilisome mwisho. Katika duka nililokwenda, karatasi hizo zilikuwa zimebanduliwa ili matairi yapangike vizuri. Safari ya pili nilimwomba kijana wa ghala anitafutie. Alirudi na karatasi moja iliyokunjamana, ya tairi la kipimo kingine.