Mkuki na upanga: umbali ndio mwamuzi

Kila ifikapo tarehe 18 Disemba, Siku ya Taifa ya Qatar, wanaume wa hapa Doha husimama katika safu mbili zinazotazamana, panga mikononi, na ngoma zikaanza kulia. Huo ndio mchezo wa ardha. Mgeni anayeutazama kwa mara ya kwanza huona kanzu nyeupe, chuma kinachong'aa na hatua za taratibu, akadhani ni pambo la sherehe tu. Lakini ardha haikuanza kuwa pambo. Ilichezwa na watu waliokuwa wakijiandaa kwenda vitani, na panga hizo zilikuwa na kazi.

Katika makala ya leo tunalitazama swali ambalo watu waliobeba silaha za mkono walilazimika kulijibu kwa maisha yao: mtu mwenye mkuki akikutana na mtu mwenye upanga na ngao, ni yupi mwenye nafasi kubwa zaidi ya kurudi nyumbani?

Wapo wanaolijibu swali hilo hadi leo kwa vitendo. Tangu miaka ya 1990, vyama vya wapenzi wa sanaa za kale za mapigano za Ulaya vimeenea katika nchi nyingi. Wanachama wake huvaa kinyago cha chuma, glavu nene na koti lililoshonwa kwa matabaka, wakashika silaha butu na kujaribiana. Mkuki wao huwekewa ncha laini ya mpira. Na katika majaribio hayo, jambo moja hujirudia: uwanja ukiwa wazi, mtu mmoja kwa mmoja, mwenye mkuki humsumbua sana mwenye upanga, hata kama huyo wa pili ana ngao.

Sababu yake si ya kimiujiza. Upanga wa kawaida wa mkono mmoja una urefu unaokaribia mita moja. Mkuki una mita mbili au zaidi. Mwenye mkuki anaposhika mti wake kwa mikono miwili, mkono wa nyuma ukisogea kidogo tu, ncha ya mbele huruka kutoka usoni hadi gotini. Mwenye ngao hana budi kuifuata ncha hiyo kwa ngao yake. Akiinyanyua kulinda uso, hujizuia mwenyewe kuona. Akiishusha kulinda mguu, uso hubaki wazi. Wakati wote huo upanga wake bado haujafika popote.

Njia yake ni moja: aisukume ncha ya mkuki kando kwa ngao, kisha aingie ndani kwa hatua mbili tatu za haraka, bila kusita. Akishaupita ule ubapa, mkuki umebaki mti mrefu usio na makali, na hapo upanga ndio unaotawala. Kwa hiyo mwenye mkuki naye hujifunza kurudi nyuma, kuuvuta mti wake upesi, au kuuachia kabisa na kuchomoa kisu.

Wataalamu wa Ulaya waliliandika jambo hili zamani. Katika makumbusho ya silaha ya Royal Armouries mjini Leeds, Uingereza, kuna muswada wa mwanzoni mwa karne ya 14 unaojulikana kwa namba yake, I.33. Ndio muswada mkongwe zaidi wa mafunzo ya upanga wa Ulaya uliobaki, na ndani yake padri mmoja anamfundisha mwanafunzi wake kutumia upanga na ngao ndogo ya mkononi. Mwanzoni mwa miaka ya 1400, Muitalia Fiore dei Liberi aliandika kitabu chenye mafunzo ya mkuki, pamoja na namna mwenye upanga anavyoweza kuikabili ncha inayomjia. Na mwaka 1599, Muingereza George Silver alizipanga silaha kwa ngazi. Kwake yeye, katika pambano la mtu mmoja kwa mmoja, silaha za mti mrefu wa wastani zilikuwa na faida dhidi ya upanga na ngao.

Lakini Silver huyo huyo aliongeza jambo ambalo wengi hulisahau. Alisema kwamba vitani, penye msongamano wa watu na farasi, upanga na ngao kubwa ni silaha bora kuliko gongo. Maana yake ni kwamba jibu hubadilika pale mazingira yanapobadilika. Mwaka 168 kabla ya Kristo, huko Pydna, jeshi la Makedonia lilibeba mikuki yenye urefu wa mita tano na zaidi. Ardhi ilipokuwa na mabonde na vilima, safu zikaachana, na askari wa Roma wenye panga fupi na ngao wakapenya katika nafasi hizo. Karne nyingi baadaye, Niccolò Machiavelli aliandika habari kama hiyo kuhusu vita vya Ravenna vya mwaka 1512, ambapo Wahispania wenye panga na ngao waliingia chini ya mikuki mirefu ya Wajerumani.

Usiku wa Berbera

Tuyaache ya Ulaya, msikilizaji, turudi kwetu. Mfano mmoja mkali ulitokea katika pwani ya Wasomali.

Usiku wa kuamkia tarehe 19 Aprili 1855, maafisa wanne wa Kiingereza walikuwa wamepiga hema karibu na mji wa Berbera. Mmoja wao alikuwa Richard Burton, aliyejifunza upanga kwa walimu wa Ulaya tangu ujana wake, na ambaye baadaye, mwaka 1884, alichapisha kitabu kizima juu ya historia ya upanga. Mwingine alikuwa John Hanning Speke. Kambi ikavamiwa na mamia ya wapiganaji wa Kisomali wenye mikuki.

Burton alitoka hemani akiwa na upanga mkononi. Kwa mujibu wa maelezo yake mwenyewe, alijitahidi kujikatia njia katika giza, akasita kwa muda mfupi aliposikia sauti ya mtu wa upande wake ambaye nusura amkate. Muda huo mfupi ulitosha. Mpiganaji mmoja akasogea, akampiga mkuki uliotoboa shavu moja na kutokea la pili, kisha akarudi nyuma kabla upanga haujamfikia. Luteni Stroyan aliuawa. Speke alikamatwa, akachomwa mara kadhaa, na akanusurika kwa kukimbia. Miaka miwili baadaye Burton na Speke walikuwa Unguja, wakijiandaa kwa safari ya bara iliyowafikisha Ziwa Tanganyika mwaka 1858.

Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Burton aliubeba uchungu huo usoni, kwani kovu lile linaonekana katika picha zake hadi leo. Lakini tuzingatie namna tukio lilivyokwenda. Yule Msomali hakuhitaji kuwa bingwa wa upanga kumzidi Burton. Alihitaji kuujua umbali wake: asogee lini, na arudi lini.

Chuma cha Ulaya, ngozi ya Afrika

Alipofika Unguja, Burton aliangalia pia silaha za Waarabu wa Oman, waliokuwa wametawala huko tangu zamani na ambao Sultani wao, Sayyid Said bin Sultan, alikifanya kisiwa hicho kuwa makao yake katika miaka ya 1830. Walikuwa na upanga mrefu ulionyooka, mwembamba, wenye makali pande mbili na mpini mrefu usio na kinga ya mkono. Walikuwa pia na upanga uliopinda. Neno kitara, ambalo sisi tunalo katika Kiswahili, Waomani wanalo pia kwa matamshi yanayokaribiana.

Pamoja na upanga walibeba ngao ndogo ya mviringo, iitwayo turs, iliyotengenezwa kwa ngozi ngumu, ikiwemo ngozi ya kifaru. Na chuma cha panga nyingi kilifuliwa Ulaya, hasa katika mji wa Solingen huko Ujerumani. Kwa hiyo mtu aliyesimama Forodhani na silaha yake aliweza kuwa ameshika biashara ya mabara matatu kwa mikono miwili: upanga wa Kijerumani katika mkono wa kulia, ngozi ya mnyama wa Afrika katika mkono wa kushoto, na mafunzo ya Oman mwilini mwake.

Ni mafunzo gani hayo? Yamebaki katika mchezo wa Oman uitwao razha. Wachezaji wawili hutoka katikati wakiwa na upanga na turs, wakaruka, wakazungukana, wakatikisa panga mpaka chuma kikatetemeka. Katika desturi ya mchezo huo, shabaha ni kukigusa kidole gumba cha mkono wa kushoto wa mwenzako, yaani mkono ulioshika ngao. Anayeelewa mapigano atatambua hekima iliyomo. Mkono wa ngao ndio ulio mbele, ndio ulio karibu zaidi, na ukiumia, ngao inaanguka. Aidha, kugusa kidole bila kumjeruhi mwenzako kunadai kuupima umbali kwa usahihi mkubwa.

Wangoni na Wahehe

Barani nako watu walilijibu swali lile lile kwa njia zao. Wamaasai hawakuchagua kati ya mkuki na upanga, bali walibeba vyote viwili: mkuki kwa adui aliye mbali, sime kiunoni kwa aliyekaribia, na ngao ya ngozi kwa kujikinga.

Wangoni walifika katika nchi ambayo leo ni Tanzania baada ya kiongozi wao Zwangendaba kuuvuka mto Zambezi mwaka 1835. Walikuja na mtindo wa vita uliokomaa kusini, katika zama za Shaka wa Wazulu. Mkuki uliokuwa wa kurusha walikuwa wameufupisha, ukawa wa kuchoma kwa karibu huku ngao kubwa ya ngozi ya ng'ombe ikiwa mbele. Kwa maneno mengine, mkuki ulifanywa ufanye kazi ya upanga. Aliyeurusha mkuki wake alibaki mikono mitupu. Aliyeushika aliweza kuingia hadi kifuani mwa adui.

Wahehe, waliopigana na Wangoni hao katika miaka ya 1870 na 1880, waliitumia elimu ya umbali dhidi ya adui mwingine kabisa. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo karibu na Iringa, jeshi la Mtwa Mkwawa lilijificha katika vichaka kandokando ya njia. Msafara wa Wajerumani chini ya Emil von Zelewski ulipita ukiwa na bunduki na mizinga. Wahehe walisubiri mpaka ukawa karibu, kisha wakatoka kwa pamoja na mikuki yao. Askari hawakupata nafasi ya kujipanga na kufyatua risasi za kutosha. Zelewski aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya watu wake.

Fimbo ya mbali haiui nyoka, na bunduki ya mbali haina faida kama adui ameshafika. Lakini Wajerumani nao walijifunza. Oktoba mwaka 1894 waliishambulia ngome ya Kalenga kwa mizinga wakiwa mbali na ukuta wake, na ngome ikaanguka. Umbali ulikuwa umerudi mikononi mwao.

Kitabu au ngoma?

Kwa hiyo, msikilizaji, jibu la swali letu si mkuki wala si upanga. Mwamuzi ni umbali, na mshindi ni yule anayejua kuutunza au kuuvunja kwa wakati wake. Hilo ndilo aliloandika Silver, ndilo alilolitenda yule Msomali wa Berbera, na ndilo lililofichwa katika kidole gumba cha mchezaji wa razha.

Kuna tofauti moja, hata hivyo, ambayo inapaswa kutushughulisha. Huko Ulaya minyororo ya walimu wa mkuki na ngao ilikatika karne nyingi zilizopita, lakini vitabu vilibaki, na kwa vitabu hivyo vijana wa leo wanajaribu kuufufua ujuzi uliokufa. Kwetu mambo yamekuwa kinyume. Hatukuandika vitabu vya mapigano. Tuliuweka ujuzi mwilini, katika ngoma na michezo. Umo katika ardha ya hapa Qatar na razha ya Oman. Umo katika kirumbizi cha Lamu na Pemba, ambapo wachezaji hupigana kwa fimbo ngoma ikilia. Umo hata katika Mwaka Kogwa wa Makunduchi, ambapo kila mwezi wa Julai wanaume hupigana kwa mashina ya migomba ili kumaliza kinyongo cha mwaka mzima bila kuuana. Ile ncha ya mpira ya Wazungu, watu wa Makunduchi walikuwa na yao.

Mwili unahifadhi vizuri, ila haudumu. Mzee anapofariki, hatua zake huenda naye, na kijana anayebaki hujua kuruka bila kujua ni kwa nini wazee waliruka hivyo. Mwaka 2015, Shirika la UNESCO liliorodhesha ardha ya Najdi ya Saudi Arabia na mchezo wa razfa wa Oman na Falme za Kiarabu kuwa urithi wa binadamu wote. Ni hatua njema. Lakini orodha haimfundishi mtu mahali pa kuweka mguu.

Wazee wanaojua bado wapo, Muscat na Sur, Wete na Lamu. Wanaweza kuulizwa, kupigwa picha za video, na maneno yao kuandikwa kwa lugha yetu: mguu upi hutangulia, ngao hushikwaje, mtu hurudi nyuma lini. Si kwa ajili ya kufufua vita. Vita tulivyo navyo vinatosha. Ni kwa sababu mali bila daftari hupotea bila habari, na hii ni mali.