Siku alama ya X iligeuka "ndiyo"

Wandugu, mu 2016 nilikuwa naandika TFC yangu kwa ordinatere ya kaka, yenye Windows 7. Tangu tarehe 29 Julai 2015 Microsoft ilikuwa inatoa Windows 10 bure kwa mwaka mmoja. Bure, ndiyo, lakini mega ni nani analipa? Kwa majirani zetu wa Afrika ya Kati, watu wa Chinko, wale wanaopambana na majangili, walilalamika: ordinatere moja ilianza kuvuta giga 6 kwa intaneti ya setilaiti. Na Mei 2016, ukibonyeza X ili kufunga dirisha tu, ilihesabiwa kama umekubali.

Njo pale niliogopa, nikazima marekebisho yote, hata yale ya usalama.

Mei 2017 ikaja WannaCry. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Mashine nyingi zilizopigwa zilikuwa na Windows 7, kumbe marekebisho ya kuziba lile tundu yalitoka tangu Machi. Nikaangalia yetu: haina. Siku hiyo nilinunua mega mimi mwenyewe. Lakini Windows 10? Kaka alisubiri mpaka Januari 2020, msaada wa 7 ulipokatika.