Umri wa ulimwengu: vipimo viwili visivyopatana

Ulimwengu unakadiriwa kuwa na umri wa miaka bilioni 13.8. Hesabu hiyo hutegemea kasi ya kupanuka kwake, na njia mbili kuu za kuipima kasi hiyo bado hazijatoa jibu moja.

Kasisi Mbelgiji Georges Lemaître alieleza kupanuka huko mwaka 1927. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Hubble alichapisha vipimo vilivyoonyesha kasi ya takriban kilomita 500 kwa sekunde kwa kila umbali wa miaka ya nuru milioni 3.26. Kwa kasi hiyo ulimwengu ungekuwa na miaka bilioni 2 tu, ilhali Dunia yenyewe ina bilioni 4.5. Ilibainika baadaye kwamba umbali wa galaksi ulikuwa umekadiriwa kuwa mdogo mno.

Njia ya kwanza ya leo huchunguza mabaki ya mnururisho wa zama za mwanzo za ulimwengu. Chombo cha Ulaya, Planck, kilichorushwa mwaka 2009, kilitoa kasi ya kilomita 67.4.

Njia ya pili hutumia nyota ambazo mwanga wake huzidi na kupungua kwa vipindi. Henrietta Leavitt alionyesha mwaka 1912 kwamba kadiri kipindi kinavyokuwa kirefu, ndivyo nyota inavyong'aa zaidi. Hivyo umbali wake hukadirika. Msingi mmoja wa vipimo hivyo ni Wingu Kubwa la Magellan, galaksi iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru 162,000. Mkazi wa Rusizi aweza kuiona bila darubini mwezi Januari, yapata saa nne usiku, mbali na taa za Kamembe: ni doa hafifu upande wa kusini, usiku usio na mbalamwezi. Kwa njia hiyo, kikosi cha Adam Riess kilipata kilomita 73 mwaka 2022.

Ikiwa 73 ndiyo sahihi na mengine yote yasibadilike, umri wa ulimwengu hupungua kwa takriban miaka bilioni 1. Nafasi hapo ni finyu, kwa kuwa nyota kongwe zakadiriwa kuzidi miaka bilioni 12, na mtoto hamtangulii mzazi. Ama kuna hitilafu iliyojificha katika vipimo, ama nadharia ya ulimwengu imepungukiwa na jambo.