Ufunguo si ruhusa

Wasomi wenzangu, wengi wetu tunafikiriaga kama kulinda hifadhidata, ile tunaita base de données, ni kuweka mot de passe ngumu, basi. Historia inatuonyesha kama haitoshi.

Mwaka wa 1961, kule MIT, Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha CTSS, mfumo wa watu wengi kutumia ordinateri moja. Kila mtu alikuwa na faili zake, ndiyo maana akapewa neno lake la siri. Lakini katika 1962 mwanafunzi wa doctorat, Allan Scherr, alitaka saa nyingi kuliko zile alizopewa. Akaomba mashine imchapie faili yenye maneno ya siri ya wote. Ikachapa! Mlango ulikuwa na kufuli, lakini ndani hakuna aliyeuliza: huyu ana ruhusa ya kusoma hii?

Katika 1976, Patricia Griffiths na Bradford Wade wa IBM walieleza namna ya kugawa ruhusa ndani ya hifadhidata. GRANT ni kutoa ruhusa, REVOKE ni kuirudisha. Mwenye jedwali anaweza kukuachia usome tu, bila kubadilisha wala kufuta. Na ukinyang'anywa ruhusa, wale uliowagawia nao wanaipoteza.

Hata neno la siri lenyewe lilibadilika. Katika 1979 Robert Morris na Ken Thompson walieleza vile Unix inalihifadhi: si kama ulivyoliandika, bali limegeuzwa kwa hesabu isiyorudishwa nyuma kirahisi.

Pamoja na hayo yote, Januari 2017 maelfu ya hifadhidata za MongoDB, zilizoachwa wazi ku intaneti, zilifutwa na wezi wakadai pesa.

Sisi wa agronomie tunaandikaga majina ya wakulima, namba zao za simu, ukubwa wa mashamba. Ikiwa ofisi nzima inaingia na konti moja, ile ya root inayoweza yote, siku jedwali likifutwa, tutamuuliza nani? Enquêteur aongeze mistari, chef wa projet asome, kufuta kubaki kwa mmoja. Kumpunguzia mtu ruhusa si kumdharau. Ni kumlinda pia, juu hakuna atakayemshitaki kwa kitu ambacho hakuwa na uwezo wa kukifanya.