Doa la 22

Mwaka 1912, katika maabara ya Cavendish mjini Cambridge, J.J. Thomson alipitisha chembe za gesi ya neoni zenye chaji katikati ya sumaku na umeme, zikaacha alama kwenye bamba la picha. Bamba liliposafishwa, alama zilikuwa mbili: moja kali penye uzito wa 20, nyingine hafifu penye 22. Wanakemia walikuwa wakisema atomu ya neoni ina uzito wa 20.2. Kumbe atomu ya namna hiyo haipo. Namba hiyo ni wastani wa mchanganyiko.

Thomson alisita kuamini. Aliyeng'ang'ania alama ile hafifu ni msaidizi wake, Francis Aston. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia vilimtoa maabara, na aliporudi, mwaka 1919, akaunda spektrografu ya masi. Ubunifu wake ulikuwa kwenye mpangilio: umeme na sumaku vilipindisha chembe kwa namna ambayo zile zenye masi moja, hata zikikimbia kwa kasi tofauti, zilitua kwenye mstari mmoja mwembamba. Wembamba huo ndio siri ya kazi yote. Mistari ikiwa minene humezana, kama herufi zilizoandikwa kwa wino uliovuja.

Uwezo wa kutenganisha hupimwa kwa kugawa masi kwa tofauti ndogo kabisa inayoonekana. Mashine ya Aston ilifikia 130 hivi, yaani iliweza kutofautisha masi ya 130 na ya 131. Kwa leo ni kidogo mno, lakini ilitosha kuonyesha kwamba klorini nayo ni mchanganyiko wa 35 na 37, na kwamba karibu kila atomu ina uzito wa namba kamili. Isipokuwa hidrojeni: 1.008. Hidrojeni nne ni 4.032, ilhali heli moja ni 4 tu. Salio limekwenda wapi? Agosti 1920, mjini Cardiff, mwanaastronomia Arthur Eddington alitoa hoja kwamba huenda upungufu huo ndio unaoliwasha Jua. Sijui desimali nyingine iliyowahi kubeba habari kubwa kiasi hicho.

Naitrojeni na kaboni monoksidi zilileta mtihani mgumu zaidi. Molekuli zote mbili zina masi ya 28, lakini kwa usahihi moja ni 28.006 na nyingine 27.995. Kuzitenga kunahitaji uwezo wa 2,500 hivi. Mlango huo ulifunguka miaka ya 1930, pale wanafizikia Dempster, Bainbridge na Mattauch walipounda mashine zilizosahihisha kasi na mwelekeo wa chembe kwa pamoja.

Mizani hizi za atomu zilifika mpaka Bonde la Oldupai, Tanzania. Mary Leakey alipookota fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, mwaka 1959, mumewe Louis Leakey alikadiria umri wa miaka 600,000 hivi. Jack Evernden na Garniss Curtis wa Berkeley wakapima agoni 40 iliyozaliwa na potasiamu kadiri miaka ilivyopita ndani ya majivu ya volkano. Tatizo ni kwamba agoni ya hewani nayo karibu yote ni 40. Basi wakaangalia agoni 36, ambayo hutoka hewani, wakakokotoa mgeni ni kiasi gani, wakamtoa. Mwaka 1961 wakatangaza jibu: miaka milioni 1.75.