Nafasi ya mwisho kikosini: mlinzi mzuiaji hupimwa vipi?

Katika ligi ya NBA ya Marekani, timu huanza msimu na wachezaji wasiozidi 15 wenye mikataba kamili. Nafasi nyingi hujulikana mapema. Vita huwa ni vya ile moja iliyobaki, na mara nyingi wanaoigombania ni walinzi wafupi ambao kazi yao ni kumkaba mpinzani, si kufunga.

Mfano mzuri ni kambi ya Golden State Warriors ya Oktoba 2021. Upande mmoja alikuwako Avery Bradley, miaka 30, aliyeteuliwa kwenye vikosi bora vya ulinzi vya NBA mwaka 2013 na 2016. Upande wa pili Gary Payton II, miaka 28, mtoto wa Gary Payton aliyekuwa mlinzi bora wa ligi mwaka 1996. Jina la baba halikumbeba: alishapitia timu kadhaa bila kudumu, hata akafikiria kuomba kazi ya video katika timu hiyo hiyo.

Makocha hutazama nini? Kwanza, miguu: je, anabaki mbele ya mwenye mpira? Pili, mikono: kupokonya bila madhambi. Anayerukia kila mpira hushangiliwa, lakini huacha mlango wazi nyuma yake. Tatu, je, anamudu kumkaba aliyemzidi kimo? Nne, mashambulizi, na hapa ndipo wengi huanguka. Asiyeogopwa kwa mitupo ya mbali huachwa peke yake, na mkabaji wake huenda kumzonga Stephen Curry.

Bradley alikuwa na uzoefu na mtupo wa mbali. Payton alilijibu swali la nne kivyake: alikimbilia kikapuni bila mpira na kuwawekea wenziwe vizuizi kama mchezaji mrefu.

Katikati ya Oktoba wote wawili waliachwa. Bradley alichukuliwa na Los Angeles Lakers. Payton alirejeshwa siku chache baadaye kujaza nafasi ya 15, akacheza mechi 71 msimu huo. Mei 2022 alivunjika kiwiko dhidi ya Memphis, akarudi fainalini, na katika mechi ya tano dhidi ya Boston Celtics akafunga pointi 15. Warriors wakatwaa ubingwa.

Kijana anayejifunza mchezo huu ashike hili: ulinzi humfungulia mtu mlango wa kambi, lakini kinachombakisha ni kutokuwa mzigo timu inaposhambulia. Na kocha naye asisahau: mdharau mwiba, guu huota tende.