Kifua Kikuu cha Ng'ombe: Historia ya Ugonjwa Uliogawanywa kati ya Ofisi Mbili

Kila ifikapo tarehe 24 Machi, Tanzania huungana na mataifa mengine kuadhimisha Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Hotuba hutolewa, mabango hubebwa, na wananchi huhimizwa kwenda kupimwa makohozi endapo kikohozi kimezidi wiki mbili. Ni nadra sana katika hotuba hizo kusikia neno ng'ombe. Hata hivyo, sehemu ya ugonjwa huu hutoka zizini. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 147,000 ulimwenguni waliugua kifua kikuu kilichotoka kwa wanyama, na 12,500 kati yao walifariki. Sehemu kubwa ya wagonjwa hao ilikuwa barani Afrika.

Tukiulizwa sababu, wengi wetu tulio maofisini na vyuoni huwa na jibu jepesi: wananchi wanakunywa maziwa mabichi kwa kuwa hawajaelimika. Makala haya yanapinga jibu hilo. Hoja yangu ni kwamba hatari ya mtu kuambukizwa na ng'ombe wake imejengwa na historia. Sayansi ilikosea mwanzoni, kisha huduma za binadamu na za mifugo zikatenganishwa, na hatimaye gharama yote ya kinga ikaachwa mabegani mwa mfugaji mdogo.

Kauli ya Koch

Tarehe 24 Machi 1882, jijini Berlin, Robert Koch alitangaza kuwa amegundua kijidudu kinachosababisha kifua kikuu. Ndiyo asili ya siku tunayoiadhimisha. Mwanasayansi huyu hakuwa mgeni katika nchi yetu: mwaka 1897 na 1898 alikuwa Dar es Salaam akichunguza malaria na maradhi ya mifugo kwa niaba ya serikali ya Wajerumani. Mwaka huohuo wa 1898, Mmarekani Theobald Smith alionesha kwamba kijidudu cha ng'ombe, ambacho leo huitwa Mycobacterium bovis, kinatofautiana na kile cha binadamu. Koch alikubali tofauti hiyo, lakini akavuka mpaka. Katika mkutano wa London wa mwaka 1901 alidai kwamba kifua kikuu cha ng'ombe hakina hatari ya maana kwa binadamu, na kwamba hapakuwa na haja ya kuchukua hatua dhidi yake.

Kauli hiyo ilitoka kwa mtu ambaye ulimwengu mzima ulimsikiliza. Waingereza hawakuridhika, wakaunda Tume ya Kifalme mwaka huohuo. Tume ilifanya majaribio kwa miaka kumi, na ripoti yake ya mwisho ya mwaka 1911 ikathibitisha kinyume: ng'ombe huwaambukiza watu, hasa watoto, na njia kuu ni maziwa. Watoto hao mara nyingi hawakuugua mapafu. Walivimba tezi za shingoni, au waliugua utumbo, mifupa na uti wa mgongo.

Ukweli ulipopatikana, utekelezaji ulisuasua. Katika miaka ya 1930 Uingereza bado ilikadiriwa kupoteza zaidi ya watu 2,000 kila mwaka kwa ugonjwa huu, huku wazalishaji na wauzaji wa maziwa wakibishana na madaktari kuhusu nani alipe gharama. Ugonjwa ulipungua pale serikali ilipoamua kugharimia. Marekani ilianza mpango wa taifa wa kupima na kuchinja ng'ombe wagonjwa mwaka 1917. Uingereza iliufanya mpango wake kuwa wa lazima kuanzia 1950, na kufikia 1960 nchi nzima ilikuwa imepimwa. Katika nchi zote mbili, mfugaji aliyepoteza ng'ombe alilipwa fidia. Jambo hili lazima tulikumbuke, kwa sababu ndilo tunalolisahau tunapowahubiria wafugaji wetu.

Tuongeze jambo moja ambalo watu wengi hawalifahamu. Chanjo ya BCG anayopewa kila mtoto mchanga katika kliniki zetu imetokana na kijidudu hichohicho cha ng'ombe. Calmette na Guérin walianza mwaka 1908 huko Lille, Ufaransa, kukiotesha tena na tena hadi kikapoteza makali, na mtoto wa kwanza akachanjwa mwaka 1921. Kovu dogo mkononi mwa Mtanzania ni ukumbusho kwamba ugonjwa wa mtu na wa ng'ombe una ukoo mmoja.

Njia mbili zilizoachana

Afrika Mashariki iliingia karne ya ishirini ikiwa imepoteza mifugo yake. Sotoka ya miaka ya 1890 iliangamiza sehemu kubwa mno ya ng'ombe, vichaka vikarejea, na mbung'o wakafuata vichaka. Helge Kjekshus aliieleza vizuri habari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1977. Katika hali hiyo, haishangazi kwamba idara za mifugo za kikoloni zilielekeza nguvu kwenye maradhi yanayoua haraka: sotoka yenyewe, homa ya mapafu ya ng'ombe, ndigana kali na nagana. Kifua kikuu huua polepole. Ng'ombe anaweza kuishi nacho kwa miaka, akazaa na kukamuliwa. Ugonjwa wa namna hiyo hauwatishi watawala.

Kwa upande wa binadamu, Kibong'oto huko Kilimanjaro ilitumika kama hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu tangu miaka ya 1920. Mwaka 1977 ukaanzishwa Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, kwa ushirikiano na Karel Styblo na chama cha kimataifa cha kupambana na ugonjwa huo. Tunayo haki ya kujivunia mpango huu. Mbinu zilizojaribiwa hapa kwetu ndizo zilizokuja kuenezwa duniani katika miaka ya 1990.

Lakini mpango huo ulisimama juu ya hadubini na makohozi. Hadubini huonesha vijidudu, ila haiwezi kutofautisha cha ng'ombe na cha mtu. Na mgonjwa aliyeambukizwa kwa maziwa, ambaye uvimbe wake uko shingoni au tumboni, mara nyingi hana makohozi ya kupimwa. Hivyo mtu aliyeugua kutokana na ng'ombe aliingia katika takwimu kama mgonjwa wa kawaida, au hakuingia kabisa. Hata mashine za vinasaba zilizosambazwa katika hospitali zetu miaka ya karibuni hutambua ukoo mzima wa vijidudu hivi bila kusema ni kipi. Tofauti hii ina athari katika tiba, kwa kuwa kijidudu cha ng'ombe kwa asili hakidhuriwi na pirazinamaidi, mojawapo ya dawa nne anazoanzishiwa mgonjwa.

Wakati mpango wa binadamu ukiimarika, huduma za mifugo zilidhoofika. Mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990 yaliiondoa serikali katika dawa na tiba ya mifugo, na wataalamu wa ugani wakahamishiwa halmashauri zenye mapato haba. Ugonjwa uleule ukawa na ofisi mbili zisizosomeana mafaili. Daktari hamuulizi mgonjwa kama anafuga, na bwana mifugo haulizi nani anakohoa nyumbani.

Hatari hasa iko wapi?

Watafiti wetu walilitazama suala hili mapema kuliko watunga sera. Mwaka 2001 Rudovick Kazwala wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzake walichapisha matokeo mawili muhimu. Katika Nyanda za Juu Kusini, takribani ng'ombe 13 kati ya kila 100 waliopimwa walionesha dalili za maambukizi. Na walipootesha vijidudu kutoka katika tezi za shingo za wagonjwa wa Tanzania, walikikuta kile cha ng'ombe. Mwaka 2007 Sarah Cleaveland na wenzake, wakiwamo Watanzania, walitoa utafiti mpana kutoka mikoa ya kaskazini. Huko maambukizi ya ng'ombe yalikuwa chini ya asilimia moja, lakini yalitawanyika katika kaya nyingi. Hatari iliongezeka kwa ng'ombe wenye umri mkubwa, kwa makundi makubwa, kwa mifugo inayolazwa ndani usiku, na kwa ile inayokutana na wanyamapori.

Kwa binadamu, njia zinafahamika: maziwa yasiyochemshwa, nyama isiyokaguliwa na kuiva vizuri, damu mbichi kwa jamii zinazoinywa, na kuvuta pumzi ileile na mnyama mgonjwa chini ya paa moja. Kugandisha maziwa hakutoshi kuua kijidudu hiki. Ng'ombe mmoja aliyeathirika kiwele anaweza kuchafua maziwa yote yaliyochanganywa katika chombo kimoja. Maambukizi ya VVU huongeza uwezekano wa ugonjwa kujitokeza.

Ukiitazama orodha hiyo kwa makini, utaona kwamba sehemu yake haitokani na mila za kale. Inatokana na maendeleo tuliyoyahimiza. Mtamba wa kisasa, banda la kufungia ng'ombe na soko la maziwa vyote vililetwa kwa nia njema, na vimewainua wengi. Lakini tafiti za Ethiopia zimeonesha kwamba ng'ombe wa asili ya Ulaya huathirika zaidi kuliko zebu, na ng'ombe wanaoishi wakibanana huambukizana kwa urahisi.

Mzigo wa Mbinga

Tuutazame mkoa wa Ruvuma. Mwambao wa Ziwa Nyasa unaishi kwa samaki na mihogo. Juu yake, katika milima ya Umatengo, watu waliokimbilia miinuko wakati wa mashambulizi ya Wangoni katika karne ya 19 waliendeleza kilimo cha ngoro, na baadaye kahawa. Ng'ombe hapa si wengi kama Usukumani. Kwa kaya ya kijiji kama vile vya Kitura wilayani Mbinga, ng'ombe mmoja wa maziwa ni samadi ya mibuni, lishe ya watoto na ada ya shule. Ni benki yenye miguu minne.

Sasa tuseme ofisa mifugo amefika na kipimo cha tuberkulini. Atachoma sindano katika ngozi ya shingo, kisha ni lazima arudi baada ya saa 72 kusoma matokeo. Hizo ni safari mbili katika barabara za milimani, kwa mafuta ambayo halmashauri mara nyingi haina. Na ng'ombe akikutwa na ugonjwa? Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inaipa serikali mamlaka juu ya mnyama mgonjwa. Mamlaka bila mfuko wa fidia humfundisha mfugaji jambo moja tu: asimruhusu mpimaji kuingia zizini, au amuuze ng'ombe huyo haraka kwa mtu wa kijiji cha pili. Kwa njia hiyo sheria inayokusudia kuzuia ugonjwa huishia kuusafirisha.

Kuchemsha maziwa nako kuna gharama. Ni kuni, na kuni ni muda wa mama na msitu wa kijiji. Bado ndiyo kinga nafuu kuliko zote na inafaa kuhimizwa bila kuchoka, lakini aihimizaye akumbuke nani anazitafuta kuni hizo.

Wajibu wetu

Mwaka 2017 mashirika ya kimataifa ya afya ya binadamu, ya wanyama na ya chakula yalitoa mwongozo wa pamoja kuhusu kifua kikuu kitokacho kwa wanyama. Mwongozo huo hauwezi kuziba pengo la bajeti ya Mbinga. Yapo mambo matatu tunayoweza kuanza nayo wenyewe. Kwanza, kila mgonjwa wa kifua kikuu, hasa mwenye uvimbe wa tezi, aulizwe kuhusu ng'ombe na maziwa, na jibu lake limfikie ofisa mifugo wa kata. Pili, mkaguzi wa nyama anayekuta mapafu yenye vinundu machinjioni atoe taarifa kijiji alikotoka mnyama huyo. Tatu, kabla ya kumtaka mfugaji amchinje ng'ombe wake kwa manufaa ya umma, umma nao ulipe.

Wanafunzi wa afya na wa mifugo wanaosoma makala haya watakutana siku moja katika kata ileile, mmoja zahanati, mwingine zizini. Nawasihi wasisubiri waraka kutoka Dodoma ndipo wazungumze. Koch aliwatenganisha mtu na ng'ombe kwa kauli moja, na Waingereza walihitaji miaka kumi kuikanusha. Sisi zaidi ya miaka mia moja imepita, na ofisi zetu bado zinaiishi kauli hiyo.